Kadhi Kijana wa Kilwa: Habari za Sheikh Abdulaziz al-Amawi

Mtu afikaye Kilwa Kivinje leo huona mji mtulivu ulio kando ya bahari, wenye nyumba kuukuu za mawe na boma la Wadachi lililochakaa. Si rahisi kudhani ya kuwa katikati ya karne ya 19 bandari hii ilikuwa miongoni mwa zile kubwa za pwani yote. Misafara ilishuka kutoka nchi za ziwa Nyasa ikileta pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Katika mji huo wa fedha, madeni na machozi alikalishwa mwamuzi mmoja aliyekuwa bado kijana. Habari zake ndizo tunazotaka kuzisimulia.

Jina lake Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi. Alizaliwa Barawa, katika pwani ya Wasomali, miaka ya 1830. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, naye ni mtu wa Barawa vile vile, mwanachuoni na mshairi, aliyekuwa kadhi katika siku za Sayyid Said bin Sultan. Kijana huyu akasoma kwa bidii hata sifa yake ikaenea.

Yafaa tueleze jinsi kadhi alivyopatikana siku zile. Hakuchaguliwa kwa kura, wala hakufanya mtihani wa serikali. Mwanachuoni alijulikana kwa walimu wake: amesoma vitabu gani, kwa nani, na mwenendo wake ukoje. Sayyid ndiye aliyemweka, na ndiye aliyeweza kumwondoa. Tena Sayyid Said alikuwa Ibadhi, na wenyeji wengi wa pwani ni Shafii. Basi ilimpasa kuwatafutia watu wake mwamuzi ajuaye sheria yao, ijapokuwa si madhehebu yake mwenyewe. Hivyo, kabla ya kufa kwake mwaka 1856, alimweka Abdulaziz kuwa kadhi wa Kilwa, naye hajatimiza miaka ishirini.

Na tufikiri uzito wa kazi ile. Mbele ya kadhi huletwa mambo ya ndoa na talaka, ya urithi na wosia, ya mali ya yatima, na ya deni lililokanwa. Wazee wenye mvi husimama mbele ya kijana wangojee neno lake. Naye alikuwa mgeni, mtu wa mbali. Mgeni hana ukoo wa kuupendelea katika mji, lakini hana ukoo wa kumlinda pia. Ngao yake ni elimu yake na uaminifu wake tu. Akihukumu kwa upendeleo hata mara moja, mji wote utajua kabla jua halijatua.

Lakini kuna jambo zito ambalo hatuwezi kulipita kimya. Sheria iliyotumika pwani siku zile ilimhesabu mtumwa kuwa mali ya bwana wake. Kadhi aliweza kuthibitisha hati ya uhuru, bwana alipomwacha huru mtumwa wake. Hakuweza kuusimamisha msafara wala kuzirudisha jahazi. Maelfu walipita Kilwa wakapelekwa ng'ambo, wala hapakuwa na baraza la kuwapokea mashtaka yao. Biashara ile ya baharini ilikatazwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipofanya mapatano na Waingereza, na hata baada ya hapo iliendelea kwa siri. Hapo twaona ya kuwa mwamuzi mwema ni baraka kwa mji, lakini wema wake hauvuki mpaka wa sheria aliyopewa.

Baadaye Sheikh Abdulaziz akawa kadhi Unguja. Akatumika katika siku za Sayyid Majid, na za Sayyid Barghash, na za waliowafuata. Hakuwa mtu wa barazani tu. Alitumwa safari za utawala, mpaka nchi za mto Ruvuma na visiwa vya Ngazija. Aliandika vitabu, akafundisha wanafunzi, akawa kiongozi katika tarika ya Kadiriya.

Neno moja la maisha yake latuhusu sisi hasa. Mwaka 1864 alifika Unguja padre Mwingereza, Edward Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa Askofu. Padre huyu alijifunza Kiswahili apate kufasiri Maandiko. Basi kadhi huyu Mwislamu, kwa hiari yake mwenyewe, akajitoa kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu, kwa Kiswahili kilicho safi na bora kuliko chote. Kazi haikuendelea upesi, kwa kuwa shughuli zake zilikuwa nyingi. Tena maneno yake yalikuwa ya kitaalamu mno kwa watu wa kawaida. Lakini Steere alifaidika nayo, wala hakuuficha msaada ule. Aliutaja katika kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Wawili hawa hawakuwa wa imani moja, wala hakuna aliyeiacha yake. Lakini mmoja alikuwa na elimu, naye hakumnyima mwenzake.

Sheikh Abdulaziz alifariki mwaka 1896. Mwanawe Burhan naye akawa kadhi Unguja.

Katika sharika zetu wazee huketi kupatanisha ndugu waliogombana juu ya shamba au mahari. Tunapowachagua, mara nyingi twauliza kwanza umri wa mtu, na ukoo wake, na mali yake. Kiti cha Kilwa alipewa kijana, tena mgeni, kwa sababu ya alichokijua na jinsi alivyojulikana. Na tuulize hayo kwanza. Kisha tuiangalie na kanuni tunayompa aihukumie, isije ikawa yeye ni mwenye haki, nayo yawaacha wengine nje ya mlango.