Marehemu Kanumba na jasho lisilo na hati

Jumanne ya tarehe 10 Aprili, 2012, viwanja vya Leaders, Kinondoni, vilifurika waombolezaji ambao idadi yao ilikisiwa kuwa zaidi ya 30,000. Wapo waliozimia, wapo waliopanda juu ya miti na kuta, na wapo waliotoka mikoani usiku kucha ili wawahi kulitazama jeneza kwa mbali. Makamu wa Rais wa wakati ule, Dk. Mohamed Gharib Bilal, mwana wa visiwani, alikuwapo kwa niaba ya Serikali. Rais Kikwete alikuwa amekwisha kwenda nyumbani kwa marehemu, Sinza, kutoa pole. Aliyekuwa akizikwa hakuwa waziri, wala mkuu wa majeshi, wala sheikh, wala askofu. Alikuwa kijana wa miaka 28 aliyeishi kwa kuigiza na kutengeneza filamu, jina lake Steven Charles Kanumba.

Miaka mingi imekwisha kupita tangu siku ile, na watoto waliobebwa mgongoni kwenda Leaders leo ni watu wazima. Tunaona umefika wakati wa kuyaeleza maisha ya marehemu huyu kwa utulivu, bila vilio na bila umbeya, kwa sababu ndani yake mna jambo linalowahusu moja kwa moja watumishi wa Serikali wa pande zote mbili za Muungano.

Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari, 1984. Alisoma Bugoyi, kisha Mwadui, kule kwenye almasi, na baadaye akahamia Dar es Salaam, ambako alimalizia masomo yake ya juu ya sekondari Jitegemee, shule ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyopo Mgulani, Temeke. Hakuwa mtoto wa mjini. Waliomcheka baadaye kwa mambo mengi walisahau kwamba jiji lile alilijia akiwa mgeni, kama wanavyolijia vijana wetu wa Pemba na Mafia wanaoteremka bandarini na begi moja.

Mnamo mwaka 2002 alijiunga na kundi la Kaole, lililokuwa likionyesha michezo yake katika televisheni ya ITV. Wakati ule saa ya mchezo wa Kaole ikifika, mitaa ya Tandika na Manzese ilitulia, na mwenye televisheni alikuwa na wageni asiowaalika hadi mlangoni. Kaole ilikuwa chuo kisicho na cheti. Humo walipita Vincent Kigosi, Blandina Chagula na wengine wengi ambao baadaye majina yao yaliuza filamu, na katika michezo kama Jahazi na Dira ndimo sura ya Kanumba ilipoanza kujulikana. Malipo ya michezo ile hayakuwa ya kumwezesha mtu kujenga hata kibanda. Alichokipata Kanumba pale ni sura inayojulikana, na sura hiyo ndiyo ikawa mtaji wake wote.

Ni vema tukumbushane hali ya filamu nchini katika miaka hiyo. Baada ya Azimio la Arusha tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma, na tulikuwa na majumba ya sinema yaliyojaa kila Jumapili. Wazee wa Unguja hawatahitaji kusimuliwa kuhusu Majestic na Cine Afrique, wala foleni za kungoja filamu za Kihindi. Mwaka 1985 ilitolewa Arusi ya Mariamu, kazi ambayo mpaka leo hatuoni haya kuionyesha kwa mgeni. Kisha shirika lilidhoofika, video ikaingia majumbani, na majumba ya sinema yakageuzwa maghala na maduka. Hata uwanja wa Drive-In, ambako familia zilitazama sinema zikiwa ndani ya magari, ulitoweka, na mahali pake leo pamesimama ubalozi wa Marekani.

Katika uwazi huo ndimo walimoingia vijana wa Sinza, Magomeni na Kinondoni na kamera zao. Hawakuwa na studio. Nyumba ya kifahari iliazimwa kwa jamaa wa Mikocheni au Mbezi, gari likaazimwa kwa jamaa mwingine, nguo kila mwigizaji akaja na zake. Filamu nzima ilipigwa kwa siku chache. Iwapo hadithi ilirefuka, ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Tulizilaumu sana filamu hizo katika baraza zetu, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki: sauti ilipotea upepo ulipovuma, na mapenzi yalizidi kiasi. Lakini zilisema Kiswahili. Mama wa Tandika, mvuvi wa Kojani na muuza duka wa Bujumbura waliweza kuzifuata bila ya mfasiri, na hilo Hollywood haikuwahi kuwapa.

Kanumba aliwapita wenzake kwa jambo moja: hakutaka kukaa ndani ya uzio. Mwaka 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, aliyoigiza pamoja na Mercy Johnson wa Nijeria, wakati ambapo filamu za Kinijeria zilikuwa zimejaa katika kila banda la video nchini na wasanii wetu wakizitazama kama mtu anavyoitazama merikebu inayopita mbali. Yeye alipanda merikebu hiyo. Miaka michache baadaye alimleta Ramsey Nouah, nyota mkubwa wa Lagos, aigize naye katika Devil Kingdom. Filamu zake zikavuka mipaka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki. Alianzisha kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film, na hilo jina la Mkuu alijipa na kulitimiza. Aliandika hadithi, aliongoza, alitoa fedha, na katika Uncle JJ na This Is It aliwapa watoto wadogo nafasi za mbele wakati ambapo wenzake waliwaona watoto kuwa usumbufu kazini.

Mwaka 2009 alialikwa kuingia kama mgeni katika jumba la Big Brother huko Afrika Kusini. Kiingereza chake kilichechemea mbele ya Afrika nzima, na nyumbani akachekwa kwa majuma. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lilitutia haya sisi kuliko yeye. Taifa lililokifanya Kiswahili kuwa nguzo yake lilimcheka mtu aliyekuwa akikipeleka Kiswahili hicho hicho hadi Goma, kwa kosa la kutojua vizuri lugha ya watu wengine. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi, na hapana shaka kicheko kile kilimwongezea wanunuzi.

Sasa tufike kwenye kiini. Watu walidhani Kanumba ni tajiri. Kava za filamu zake zilibandikwa kila ukuta, na diski zake zilipakiwa katika mikoba ya wasafiri wa boti za kuja Unguja. Lakini fedha za biashara ile zilikwenda njia nyingine. Desturi ya soko ilikuwa hivi: mtengenezaji alimaliza filamu, akachukua nakala mama, akaipeleka kwa msambazaji mjini. Wasambazaji wenye nguvu walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Msambazaji aliangalia sura iliyopo juu ya kava, akataja bei, na mara nyingi malipo hayo ya mara moja yalinunua nakala pamoja na haki zake zote. Kuanzia hapo, ziuzwe nakala 1,000 au 100,000, mtengenezaji hakuongezewa hata senti. Hakuwa na njia ya kujua ziliuzwa ngapi. Alirudi Sinza, akalipa madeni ya filamu iliyopita, na kilichobaki akaanzia nyingine. Ndiyo maana filamu zilitoka kwa kasi ile, na si kwa wingi wa vipaji pekee. Aliyesimama siku moja alikuwa amekwisha.

Nyuma ya msambazaji alikuwapo mlanguzi wa kisasa, mwenye kompyuta na mashine ya kunakili, aliyeweza kuziuza filamu sita katika diski moja kwa bei ya moja. Huyo hakumlipa mtengenezaji wala msambazaji wala Hazina.

Mambo haya si mapya duniani, wala si laana ya Mwafrika. Mfaransa Georges Méliès, aliyewaonyesha watu safari ya mwezini mwaka 1902, alinakiliwa na wafanyabiashara wa Marekani ambao hawakumlipa chochote, na uzeeni alikutwa akiuza vitu vya kuchezea watoto katika kituo cha reli mjini Paris. Huko huko Hollywood, mwaka 1919, Charlie Chaplin na wenzake watatu waliona sura zao zinawatajirisha wengine, wakaanzisha kampuni yao ya usambazaji, United Artists, ili filamu ikitoka mikononi mwao ibaki mali yao. Kanumba alifika kwenye hatua ya kuwa na kampuni ya kutengeneza. Mlango wa pili, wa kusambaza, hakupata muda wa kuufungua.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili, 2012, mkesha wa Pasaka ukikaribia, alianguka chumbani mwake Sinza na kufa. Yaliyotokea usiku ule yalifikishwa Mahakama Kuu, nayo mwaka 2017 ikatoa hukumu ya kuua bila kukusudia dhidi ya msanii mwenzake. Mahakama imesema, nasi hatuna la kuongeza. Ndoa Yangu, filamu yake nyingine, ilitoka baada ya yeye kuzikwa, na watu waliinunua huku wakilia.

Aliyeanguka ni mtu mmoja, lakini nyumba nzima iliinama. Katika mwaka uliofuata, 2013, Serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye diski za muziki na filamu za Bara, hatua njema ambayo ilikuja wakati diski zenyewe zinaanza kupungua madukani. Mwezi wa Aprili, 2017, wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Vijana waliokuwa wakipiga picha kila juma wakawa wanakaa vijiweni Kinondoni, wakisimuliana enzi za marehemu. Wapo wanaosema soko lilikufa kwa sababu Kanumba alikufa. Hatukubaliani nao. Soko linalotegemea kava yenye sura ya kijana mmoja lilikuwa gonjwa tangu yeye angali hai, na yeye ndiye aliyelificha gonjwa hilo kwa kufanya kazi mfululizo.

Leo filamu hizo zinatazamwa katika simu, kupitia YouTube, Jang'ombe na Chake Chake kama zinavyotazamwa Temeke. Zimepandishwa humo na watu wengi mbalimbali, na matangazo yanayopita juu yake yana malipo. Nani anayalipokea? Hapa ndipo tunapowageukia wakuu wa ofisi zetu. Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, nayo inatawala Bara tu. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki, Namba 14 ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA. Filamu iliyopigwa Sinza ikivuka bahari hutoka mikononi mwa sheria moja ikaingia mikononi mwa nyingine, na mkataba ulioandikwa Kariakoo haujulikani kwa askari wa Malindi. Muuza diski bandia alilijua hilo zamani kuliko wanasheria.

Sheria hizo zote mbili zinatambua kwamba haki katika kazi ya sanaa haifi pamoja na mwenye kazi, na kwamba haki hiyo inaweza kuhamishwa kwa maandishi. Kwa hiyo ama marehemu aliihamisha haki ya kila filamu yake kwa karatasi yenye sahihi, ama hakuihamisha. Kama aliihamisha, tujue ni kwa nani na kwa muda gani. Kama hakuihamisha, ni mali ya warithi wake, na anayeiuza leo anauza mali ya watu.

Tunaziomba COSOTA na COSOZA zikae meza moja na kutayarisha orodha: filamu zote za Steven Kanumba, mwaka wa kila moja, nani alitia sahihi, na nini kilichouzwa. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya maendeleo wala mtaalamu kutoka nje. Karatasi zenyewe zimo katika makabati ya watu ambao bado wako hai, na wengi wao wanafanya biashara mwendo wa dakika chache kutoka kituo cha mabasi cha Kariakoo.