Mwalimu Aliyekimbia Chaki

Sisi wa Ualimu tumechoka kuulizwa kama kweli tutaishia darasani. Oleksandr Dovzhenko naye alianza hivyo hivyo. Alizaliwa mwaka 1894 huko Sosnytsia, Ukraine, kwa wakulima. Kwao walizaliwa watoto 14, wakakua wawili tu, yeye na dada yake. Akasoma chuo cha ualimu Hlukhiv, akafundisha Zhytomyr. Baadaye akafanya kazi ubalozini Warsaw na Berlin, akachora vikatuni gazetini Kharkiv, na mwaka 1926 akabisha hodi studio ya filamu ya Odessa bila uzoefu wowote.

Filamu yake Ardhi ya mwaka 1930 niliitazama kwenye simu, hosteli, usiku. Haina sauti, mwenzangu wa chumbani akadhani spika imekufa. Inaanza na mzee anayekata roho katikati ya matofaa, ametulia kabisa. Halafu trekta la shamba la ushirika linakuja kijijini, maji ya rejeta yanaisha njiani, na wanaume wanalijazia kwa mkojo. Nilicheka peke yangu. Vasyl, kijana wa trekta, analima mpaka anavuka mipaka ya mashamba ya matajiri. Usiku ule anarudi nyumbani akicheza barabarani, mwezi umewaka, ghafla anaanguka. Amepigwa risasi.

Wakubwa walitaka kilimo cha pamoja kisifiwe, na kweli alikisifu. Ila waliona vifo na matunda vimezidi. Mshairi Demyan Bedny akamshambulia kwenye gazeti la Izvestia, na baba yake Dovzhenko akafukuzwa kwenye shamba la ushirika, mfumo ule ule uliosifiwa na mwanawe. Mwaka 1932 na 1933 njaa ikaua mamilioni Ukraine. Mwaka 1935 yeye akapewa Nishani ya Lenin, akaipokea. Hapo ndipo ananishinda. Najua kukataa kungeweza kumgharimu maisha, lakini bado roho inaniuma.

Mwaka 1943 aliandika kuhusu mateso ya Ukraine vitani. Stalin akapiga marufuku kazi ile, na Dovzhenko akabaki Moscow, mbali na kwao, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Miaka yake ya mwisho alirudi kufundisha, kwenye chuo cha sinema. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa binti mdogo, Larisa Shepitko. Filamu yake ya kuhitimu, Joto, aliipiga kwenye nyika za Kirgizia: kijana ametoka shule, anakwenda kulima, anakutana na dereva wa trekta mkorofi.