Ole Evinrude, fundi aliyewapumzisha wapiga makasia

Ukisimama gatini Lamu, au ufuoni mwa ziwa pale Kisumu, utawasikia wavuvi wakizitaja mashine za mashua zao kwa hesabu ya farasi. Huyu ana mashine ya farasi kumi na tano, yule ana ya farasi arubaini, na mwenye arubaini huwa na maringo kidogo. Farasi wenyewe, kama ajuavyo kila mtu, hawamo majini. Ni kipimo alichokibuni Mskochi James Watt katika karne ya 18, alipotaka kuwaeleza wenye migodi na viwanda kwamba injini yake ya mvuke ingefanya kazi ya farasi wangapi. Alikadiria kwamba farasi mmoja aweza kuinua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika, na kadirio hilo likashika duniani kote.

Lakini ni nani aliyewafanya watu wazoee kuwatundika farasi hao nyuma ya mashua, kwa vibano viwili vya chuma? Jina lake ni Ole Evinrude. Wako waliomtangulia, na ni haki tuwataje. Mfaransa Gustave Trouvé alipachika mota ya umeme kwenye mashua mjini Paris mwaka wa 1881, na Mmarekani Cameron Waterman alikuwa akiuza mashine zake za petroli miaka kadhaa kabla ya Evinrude kuuza hata moja. Hata hivyo mashine ya Evinrude ndiyo iliyowatoa wavuvi makasia mikononi, na jina lake likawa karibu jina la chombo chenyewe.

Bw. Evinrude alizaliwa nchini Norway tarehe 19 Aprili, 1877. Alipokuwa na umri wa miaka mitano wazazi wake walihamia Marekani, wakalima shamba karibu na mji mdogo wa Cambridge, katika jimbo la Wisconsin, jirani na Ziwa Ripley. Shule aliiacha mapema ili asaidie shambani, lakini kilimo hakikumwingia moyoni. Yasimuliwa kwamba alipokuwa kijana aliunda mashua kwa siri, na baba yake, ambaye hakutaka kusikia habari za maji, alipozigundua mbao hizo alizitia moto. Mtoto akaanza upya. Ya pili ilielea.

Alipotimia miaka kumi na sita alikwenda mjini Madison kutafuta kazi katika karakana za mashine, na usiku akawa anajisomesha uhandisi peke yake. Alifanya kazi Pittsburgh na Chicago, kisha akarudi Wisconsin na kuwa fundi mkuu wa kuchonga violezo vya mbao katika kiwanda cha E. P. Allis, mjini Milwaukee. Kazi ya violezo si mchezo: kosa la upana wa ukucha katika mbao huwa kosa la chuma kitakachosubuwa humo.

Injini za petroli zilikuwa jambo jipya siku hizo na zilimpagaa kabisa. Mwaka wa 1900 alianzisha kampuni pamoja na mwenzake. Ikavunjika. Akajaribu tena na wabia wengine, mambo yakaenda vivyo hivyo. Kwa chuma alikuwa bingwa. Kwa daftari la hesabu alikuwa maskini wa Mungu. Aliyemwokoa ni msichana wa jirani, Bess Cary, aliyekuwa akijifunza kazi za biashara na ambaye alianza kumsaidia kuandika barua na kupanga hesabu. Walioana mwaka wa 1906, na mwaka uliofuata wakapata mwana wao wa pekee, Ralph.

Kisa cha aiskrimu husimuliwa kila anapotajwa Evinrude, nasi hatuwezi kukiruka. Siku moja ya joto kali, kabla ya harusi, Ole na Bess walikwenda kustarehe pamoja na marafiki katika Ziwa Okauchee, karibu na Milwaukee. Bess akatamani aiskrimu. Ole, kama afanyavyo mchumba yeyote, akashika makasia na kuvuka, mwendo wa kilomita nne hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Aliporejea jasho lilikuwa likimtiririka na aiskrimu imekuwa uji. Huenda kisa kimetiwa chumvi, kwani visa vya wavumbuzi aghalabu hutiwa, lakini ukweli ni kwamba hazikupita siku nyingi kabla hajaanza kuchora mashine.

Mashine hiyo ya kwanza ilimchekesha hata mkewe, akaifananisha na kinu cha kusagia kahawa. Ilikuwa na silinda moja iliyolala, mtaimbo uliosimama wima kushuka majini, na chini kabisa giya za kugeuza mzunguko ili rafadha isukume maji nyuma. Juu lilikaa gurudumu zito lenye kishikio, ambacho mtu alikizungusha kwa mkono ili injini iwake. Gurudumu likigeuka kinyume ghafla, vidole vilikiona cha mtema kuni. Lakini muundo huo ulikuwa wa busara, maana injini za mtindo huo, hata zile za farasi mia kadhaa, zimeendelea kutumia mtaimbo wa wima na giya za chini.

Ole alimwazima rafiki yake mashine aijaribu ziwani. Rafiki alirudi na maagizo ya mashine kumi, fedha taslimu mkononi. Mwaka wa 1909 biashara ikaanza: nguvu za farasi mmoja na nusu, uzito wa ratili 62, yaani kilo 28 hivi, bei dola 62. Bess aliandika tangazo la gazeti la kuwashauri watu waachane na makasia, na barua zikafurika. Mchana alimlea Ralph, usiku akazijibu. Mwenye meli za kuvuta, Chris Meyer, alitia mtaji akawa mbia, na mfanyabiashara wa asili ya Denmark aliyekuwa New York, Oluf Mikkelsen, akaagiza mashine kwa maelfu kwa ajili ya wavuvi wa Skandinavia. Hivyo mtoto aliyeondoka Norway na miaka mitano akairudia nchi yake akiwa amechorwa jina kwenye chuma.

Afya ya mke, ushindani wa nduguze Johnson

Ufanisi huo ulimla Bess. Afya yake haikuwa ya kutegemewa tangu zamani, na mzigo wa ofisi, barua na mtoto ulimlaza kitandani. Hapo Bw. Evinrude alifanya jambo ambalo wafanyabiashara wachache wangelifanya. Kiwanda kikiwa kinakimbia kwa kasi, aliuza sehemu yake kwa Meyer kwa dola 137,500, akatia sahihi kwamba hatatengeneza mashine za mashua kwa muda wa miaka mitano, akamchukua mkewe na mwanawe wakasafiri na kupumzika. Jina lake mwenyewe likabaki mikononi mwa mwingine.

Lakini fundi hapumziki kichwani. Miaka ile ya kifungo ilipokwisha alikuwa na mchoro mpya: silinda mbili badala ya moja, na sehemu nyingi za alumini. Ilitoa nguvu za farasi watatu ikiwa na uzito wa kilo 22 hivi. Hebu tupige hesabu. Katika mashine ya 1909 kila farasi alibeba kilo 19 za chuma. Katika hii mpya kila farasi alibeba kilo saba tu. Alimpelekea Meyer kwanza, kwa uungwana. Meyer akakataa. Basi mwaka wa 1921 Ole na Bess wakafungua kampuni nyingine, wakaiita Elto, na ikaanza kushindana na kampuni yenye jina la Evinrude.

Mshindani mkali zaidi, hata hivyo, alitoka Indiana. Nduguze Johnson walileta mashine nyepesi kuliko Elto, na mwaka wa 1926 wakaja na ya farasi sita iliyosukuma mashua kwa maili 16 kwa saa. Leo mwendo huo si kitu, lakini wakati ule uliwashtua watu. Mashua inayolima maji haitaki nguvu maradufu ili iende kasi maradufu. Huenda ikataka mara nane. Ikipata nguvu ya kutosha na umbo linalofaa, hupanda juu ya maji na kuteleza, na hapo mambo hubadilika kabisa. Johnson walikuwa wamewaonyesha watu wa kawaida mashua inayoteleza, na wanunuzi hawakutaka tena kusikia juu ya kupumzisha mikono. Walitaka mbio.

Baba alikuwa mtu wa mashine isiyosumbua, na alikuwa ameizoea sifa hiyo. Aliyeona haja ya mbio ni Ralph, ambaye sasa alikuwa kijana, na tunaona kwamba bila yeye Elto ingaliachwa nyuma. Matokeo yakawa mashine ya mwaka wa 1928 yenye silinda nne na nguvu za farasi 18, mara kumi na mbili ya ile ya 1909. Baada yake ikaja ya mashindano, iliyoitwa 4-60 kwa sababu ya silinda zake nne na ujazo wa inchi za mraba-tatu 60, yaani lita moja hivi. Madereva waliiendesha wakiwa wamepiga magoti ndani ya vimashua vyepesi kama sinia, wakiinywesha pombe kali ya viwandani iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, na kelele zake zilisikika mbali. Watu waliingia mbio za kutoka Albany hadi New York, zaidi ya maili 130 katika Mto Hudson.

Katika enzi hiyo ya mbio hesabu ya farasi iliingiwa na uongo. Kila muuzaji alitangaza idadi iliyomfaa, mpaka chama cha mashine hizo nchini Marekani kikaanza kutoa vyeti vya nguvu iliyopimwa, pamoja na mizunguko kwa dakika. Hata hivyo nguvu ilipimwa kwenye injini yenyewe, kabla giya na msuguano havijala sehemu yao. Ilifika miaka ya 1980 ndipo viwanda vikazoea kupima kwenye mtaimbo wa rafadha. Kwa hiyo farasi 18 wa mashine kuukuu na farasi 18 wa siku hizi hawalingani.

Mwaka wa 1929 Elto, Evinrude ya zamani na kampuni ya Lockwood ziliunganishwa, na Bw. Evinrude akawa rais wake. Alikuwa amelirudisha jina lake. Mwaka huo huo uchumi wa Marekani ukaanguka, na miaka iliyobaki aliitumia kukiokoa kiwanda.

Bess alifariki mwaka wa 1933. Waliomfahamu Ole walisema hakuwa mtu yule yule tena. Naye alifariki mjini Milwaukee tarehe 12 Julai, 1934, akiwa na umri wa miaka 57. Ralph alishika usukani, na muda si mrefu akaungana na kampuni ya wale wale Johnson waliomkosesha baba yake usingizi. Mwaka wa 1960, huko Lake Havasu, dereva Hubert Entrop aliendesha mashua yenye injini ya Evinrude kwa kasi ya zaidi ya maili 120 kwa saa.

Kampuni hiyo kubwa ilifilisika mwishoni mwa mwaka wa 2000, ikanunuliwa na Wakanada wa Bombardier, na mwaka wa 2020 utengenezaji wa injini za Evinrude ukakomeshwa. Mashine za 4-60 zilizosalia ziko mikononi mwa wakusanyaji, ambao huziwasha mara moja moja na bado wanabishana kila moja ina farasi wangapi.