Maisha ya Mahjub bin Adam, Askari Aliyevuka Bahari Kudai Ujira

Hizi ni khabari za Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye Wadachi walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alitiwa katika uaskari tangu utotoni, akajeruhiwa vitani, akavuka bahari kwenda kudai mshahara wake na mshahara wa baba yake, akarudishwa mikono mitupu, na mwisho akafa kifungoni katika nchi ile ile aliyoipigania. Ulaya wameandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Huku kwao hajulikani illa kwa wachache, na hilo si jambo la kupendeza.

Alizaliwa tarehe 22 Februari mwaka 1904. Baba yake alikuwa Msudani katika jeshi la Wadachi, akapanda hata cheo cha efendi, nacho ndicho cheo kikubwa kabisa alichoweza kufikia mtu mweusi katika jeshi lile. Wasudani wa kwanza waliletwa na Wissmann kutoka Misri mwaka 1889 ili wampige Bushiri bin Salim na watu wa pwani waliokuwa pamoja naye. Kwa hivyo wazee wengi wa pwani hawakuwatazama askari hao kwa jicho jema, na wala hawalaumiwi. Lakini haki ya mtu katika ujira wake haingoji apendwe.

Vita Kuu ilipoingia mwaka 1914, Mahjub alikuwa na umri wa miaka 10. Baba akaingia vitani, na mwana akaingia pamoja naye. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimrudisha Abdallah bin Umar siku ya Uhud kwa kuwa alikuwa na miaka 14, akamkubali siku ya Khandaki alipokuwa na miaka 15. Na kwa hadithi hiyo Imamu Shafi akaweka mpaka wa kubaleghe. Wadachi hawakuwa na mpaka huo. Mtoto aliyejua kusoma na kujua Kidachi aliwafaa, nao wakamchukua.

Vita vile havikukaa pwani. Njia yake kubwa ilikuwa reli itokayo Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, nayo hupita chini ya milima ya Upare, kwenye tambarare kavu ya Same. Kwa reli hiyo Wadachi walipeleka watu na chakula hata Moshi na Taveta kwa muda wa karibu miaka miwili. Mwezi wa Machi mwaka 1916 Jenerali Smuts akauteka Moshi, kisha mvua za masika zikamzuia. Mwishoni mwa Mei akateremka: kikosi kimoja kikifuata mto Pangani, kimoja kikifuata reli chini ya milima, na kimoja kikipenya katika uwazi wa Ngulu, baina ya Upare wa kaskazini na Upare wa kusini. Wadachi wakarudi nyuma mbele yao, wakizing'oa reli, na katika siku chache Same ikawa mikononi mwa Waingereza.

Watu wa milimani hawakuulizwa upande wanaoutaka. Dola hii ilipokuwapo ilichukua wapagazi, na ile ilipokuja ikachukua wapagazi. Mzigo haukuwa na bendera. Katika vita nzima upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao 1,000,000 katika Afrika ya Mashariki na nchi za jirani, na waliokufa kwa maradhi na njaa walizidi 90,000. Hao ni wale waliohesabiwa. Waliorudi vilema, hawa waliokatika vidole vya miguu kwa funza na hawa walioharibika vifua kwa homa ya mapafu, ni nani aliyekaa akawahesabu? Jina la Kariokoo, lililoko Dar es Salaam na Nairobi na kwingineko, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Jina likabaki na watu wakasahauliwa.

Kutoka Upare vita vikateremka kusini mpaka nchi ya Lindi, na huko ndiko jeraha la Mahjub lilikomngojea. Mwezi wa Oktoba mwaka 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, yakapigana siku nne, na pigano lile lilikuwa katika makali kabisa ya vita hivyo. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000. Mahjub alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Jenerali wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma mwezi uliofuata na askari waliosalia, asiweke silaha chini hata tarehe 25 Novemba mwaka 1918, huko Abercorn. Katika miaka ya mwisho fedha ilikuwa imekwisha; askari walipewa karatasi na ahadi. Vita vikesha kwa Wadachi kushindwa na kunyang'anywa nchi, na ahadi zikabaki mifukoni mwa watu.

Mahjub akapona, akatafuta riziki baharini. Alitumika katika meli, na tangu mwaka 1925 akawa mtumishi wa mezani katika meli za kampuni ya Wadachi zilizokuwa zikija pwani hii. Mwaka 1929 akashuka Ulaya, akenda Berlin, akaingia katika wizara ya mambo ya nje, akaweka dai lake: mshahara wake usiolipwa na mshahara wa baba yake usiolipwa. Jawabu aliyopewa ni kwamba amechelewa, siku za kudai zimekwisha pita.

Yafaa jambo hili litazamwe kwa makini, maana ndilo shina la khabari hii. Dola ya Wadachi ilijua vyema namna ya kumtunza askari aliyeumia. Mwaka 1920 waliweka sharia kubwa ya kuwatunza majeruhi wa vita. Kilema alipimwa na tabibu, ikakadiriwa sehemu ya nguvu zake iliyopotea kwa mia, na kwa kadiri hiyo akapewa malipo kila mwezi. Asiyejiweza kabisa alipewa malipo kamili, na akihitaji mtu wa kumlisha na kumvika aliongezewa kwa ajili ya mtu huyo. Aliyekatika mguu alipewa mguu wa bandia, na aliyepofuka alifundishwa kazi ya mikono. Na sharia nyingine ya mwaka huo ikawalazimisha wenye viwanda kuwaajiri wale waliopoteza nusu ya nguvu zao au zaidi. Ni mambo mazuri, na mwenye insafu hayakatai. Lakini mambo hayo yalifanywa kwa ajili ya Wadachi. Askari mweusi aliyelala katika handaki moja na Mdachi, akapigwa na kombora moja naye, hakuwa na tabibu wa kumpima wala daftari la kumwandika. Kilichokuwapo kwake ni mshahara wa nyuma tu, nao umewekewa siku.

Na siku hizo zimewekwa na nani, juu ya nani? Mfikirie mpagazi au askari aliyerudi kwao Vudee, au Mbaga, au Usangi, juu kabisa ya milima ya Upare, na mguu mmoja haukunjiki. Kuteremka hata Same kukamata gari la moshi ni safari ya kutwa kwa mtu mzima wa miguu. Kutoka Same hata Tanga ni nauli. Kutoka Tanga hata Ulaya ni bahari. Tangazo lililoandikwa Berlin litamfikiaje, na kwa ulimi gani? Mahjub aliweza kufika kwa sababu mbili tu, kwamba alijua Kidachi na kwamba meli ilikuwa kazi yake; na pamoja na hayo akaambiwa amechelewa. Kilema wa milimani hakuchelewa; yeye hakuambiwa kamwe.

Katika fikihi jambo hili halina shaka. Ujira ukishathubutu ni deni katika dhima ya aliyeajiri, na deni haliondoki kwa kupita miaka. Huondoka kwa kulipwa au kwa kusamehewa na mwenyewe. Mwenyewe akifa, haki huwaendea warithi wake, na kwa hivyo mwana kudai mshahara wa baba si uroho. Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amuwie radhi, alipoweka diwani, yaani daftari la askari na mafungu yao, hakungoja watu waje mlangoni kuomba. Aliwaandika kwa majina na makabila, wakawamo na wanawake na watoto, na fungu likamfuata mtu mahali alipo. Na alipomkuta mzee wa Kiyahudi kipofu akiomba sadaka, aliamuru atengewe fungu katika baitulmali, kwa kuwa haikuwa haki kuchukua kodi ya ujana wake kisha kumtupa katika uzee. Huyo hata askari hakuwa.

Mahjub hakurudi. Alikaa Berlin, akafanya kazi ya mezani katika nyumba kubwa ya starehe iitwayo Haus Vaterland, na mwezi wa Januari mwaka 1933 akaoa mwanamke wa Kizungu. Ni mwezi ule ule Hitler aliposhika serikali. Akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin mpaka mwaka 1941, na wanafunzi wake walikuwamo watu waliotazamia kurudi kuitawala Tanganyika. Akaonekana katika picha za sinema zaidi ya 20, mara nyingi akiwa mtumishi au askari mwaminifu wa bwana Mzungu, na ya mwisho ilikuwa picha ya kumsifu Carl Peters, mtu ambaye ukatili wake hata Wadachi wenyewe waliwahi kumfukuzia kazi. Katika hayo hapana la kumsifu Mahjub. Aliungana na wale waliotaka makoloni yarudi, na aliyatangaza mambo yao. Yaelekea alidhani kwamba ikiwa uaminifu wake utaonekana, haki yake nayo itaonekana.

Haikuonekana. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, waliyokuwa wakipewa Wadachi waliokuwa mbele ya adui, akanyimwa. Picha zimebaki zinazomwonyesha amevaa nguo za kiaskari na nishani kifuani vivyo hivyo. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 akajitolea kuingia jeshini, akakataliwa. Jeraha la Mahiwa alilipata akiwa mtoto kwa ajili ya bendera yao, na sasa, akiwa mtu mzima wa miaka 35, rangi yake haikufaa chini ya bendera hiyo.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kidachi asiyekuwa mkewe. Zinaa ni dhambi kubwa, na hapana Mwislamu wa kuitetea. Lakini wao hawakumkamata kwa zinaa. Walimkamata kwa rangi, maana kwao ilikuwa kosa damu nyeusi kukaribia damu nyeupe. Hakupelekwa mbele ya kadhi wala hakimu. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akakaa humo miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba mwaka 1944, umri wake miaka 40. Mwili ulichomwa moto kwa desturi ya kambi ile, na majivu yakazikwa Berlin. Hapakuwa na josho wala sanda wala sala. Aliyenyimwa hayo kwa kulazimishwa hana lawama, na madhehebu ya Imamu Shafi yanajuzisha kumsalia maiti aliye mbali.

Mwaka 2007 watu wa Berlin waliweka kijiwe cha shaba njiani, mbele ya nyumba aliyokaa mwisho, katika barabara ya Brunnenstraße, kimeandikwa jina lake.

Ama lile deni, mwaka 1964 baraza la Wadachi huko Bonn lilikubali kutoa fedha ya kuwalipa askari wa Afrika ya Mashariki waliokuwa hai bado. Meza ya malipo ikawekwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakaja. Wachache walikuwa na karatasi zao; wengine walileta vipande vya nguo za jeshi vilivyochakaa. Inasimuliwa kwamba mwenye kulipa, alipokosa njia ya kuwajua, aliwapa ufagio mmoja mmoja akawaamrisha kwa Kidachi kama bunduki, na hakuna mzee aliyekosea. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu Abercorn, na hapo haikusemwa kwamba wamechelewa. Mahjub alikuwa amekufa miaka 20 nyuma.