Maisha ya Askofu Edward Steere, Aliyetufundisha Kusali kwa Kinywa Kimoja

Katika siku hizi za yubile, tunapomshukuru Mungu kwa miaka aliyolilinda Kanisa lake katika nchi yetu ya Singida, yatupasa kuwakumbuka hata wale ambao hawakufika kwetu, walakini kazi yao imetufikia. Mmoja wao ni Askofu Edward Steere wa Unguja. Yeye hakupata kukanyaga udongo wa Manyoni wala wa Iramba. Lakini kila Jumapili, Mnyaturu na Mnyiramba, Mgogo na Mkimbu wapigapo magoti pamoja na kusema sala moja kwa Kiswahili, wanapita katika njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa walioifyeka.

Tena twaandika habari zake kwa sababu nyingine. Wako ndugu kati yetu wasemao ya kuwa kusali nyumbani kwatosha. Wako wasimamao chini ya mti nje ya kanisa hata sala zimekwisha, ndipo huingia kusikiliza mahubiri. Na wengine, wakiwa ndani, humwachia mwalimu kuitikia peke yake, kana kwamba sala ni kazi ya mshahara wake. Basi na tusome maisha ya mtu huyu, tupate kuona jinsi sala ya pamoja ilivyopatikana kwa taabu nyingi, na kwa nini si haki kuidharau.

Edward Steere alizaliwa London, katika Uingereza, mwaka wa 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akahesabiwa kuwa mwanasheria mwaka wa 1850. Mbele yake palikuwa na kazi ya heshima na fedha, walakini moyo wake haukutulia. Alitamani watu wakae pamoja kama ndugu, wakifanya kazi na kusali. Kwa ajili hiyo alianzisha udugu mdogo katika mji wa Tamworth. Lakini udugu ule haukudumu. Twalitaja jambo hili makusudi, ili wale ambao vikundi vyao vya sala vimevunjika wasikate tamaa. Mtu huyu alianza kwa kushindwa.

Mwaka wa 1856 akafanywa shemasi, na mwaka wa 1858 padre, akawatumikia watu wa Skegness, kijiji cha pwani, kisha Little Steeping, shamba la wakulima. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na rafiki, Padre William Tozer, na urafiki huo ndio uliomleta Afrika. Kwa maana wakati ule palikuwa na misioni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya David Livingstone kuwaambia wanafunzi wa Cambridge, mwaka wa 1857, habari za Afrika na za biashara ya watumwa. Askofu wa kwanza wa misioni ile, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa karibu na mto Shire mwaka wa 1862. Tozer akawekwa mahali pake, na Steere akafuatana na rafiki yake, akikusudia kukaa naye muda mfupi tu. Kazi ya Shire haikuwezekana. Basi katika mwezi wa Agosti 1864 wakafika Unguja.

Wasomaji wetu wa Singida wanapaswa kujua Unguja ya siku zile ilikuwa nini. Huko ndiko palipokuwa soko kubwa la watumwa. Wengi waliletwa kutoka upande wa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Wengine waliletwa kwa njia kuu ya misafara, ile itokayo Ujiji na Tabora hata Bagamoyo. Njia hiyo ilikata nchi yetu. Ilipita katika Mgunda Mkali, pori kavu lililo kati ya Unyamwezi na Ugogo, ambalo leo liko upande wa Itigi na Manyoni, ikafika Mdaburu na kuingia Ugogo. Babu zetu waliiona misafara ile kwa macho, pembe za ndovu na watu pamoja. Kwa hiyo habari za Unguja si habari za ugenini kwetu.

Sultani Seyyid Majid aliwapa wamisioni watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule, na mwanzo wa kanisa. Na tufikiri kidogo hali yao. Walikuwa wametengwa na mama zao. Hawakujua wanapelekwa wapi. Mbele yao walisimama watu weupe wasioweza kusema nao. Mtu awezaje kuwaambia watoto kama hao wasali pamoja? Wataita kwa lugha gani? Kila mmoja aweza kulia peke yake kwa lugha ya kwao, na Mungu amsikia. Lakini kulia peke yake bado ni upweke.

Hapo Steere aliona kazi yake. Akajifunza Kiswahili kwa bidii, akiketi na wenye elimu wa Unguja, Waislamu, ambao walimsaidia kwa hisani, naye akawaheshimu. Akaandika maneno aliyoyasikia, akayapanga, na mwaka wa 1870 kitabu chake cha mafundisho ya Kiswahili kikatoka, pamoja na kitabu cha hadithi za Waswahili. Akawafundisha vijana wa misioni kazi ya kupiga chapa, nao wenyewe wakazipanga herufi za sala na za masomo. Akatafsiri sala za ibada, na zaburi, na sehemu za Maandiko, kitabu baada ya kitabu. Hata mwaka wa 1879 Agano Jipya zima lilikuwa limekwisha. Hakutaka maneno makubwa ya kuonyesha elimu. Alitaka neno ambalo mpishi na baharia, mtoto na mzee, waweza kulisema pamoja bila kujikwaa.

Ndugu walimu, hapa tutulie kidogo. Sala ya pamoja yahitaji maneno ambayo wote wayajua. Mwalimu akiomba kwa maneno yake marefu, watu humsikiliza. Lakini wakisema wote sala waliyojifunza, kila mmoja anaomba. Yule asiyejua kusoma huikamata kwa sikio, na siku ya msiba wake huikuta kinywani. Ndiyo sababu Steere alitumia miaka yake bora kwa kazi hiyo.

Alirudi Uingereza mwaka wa 1868, na angaliweza kubaki huko. Walakini mwaka wa 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaharibu nyumba na mashamba, na Askofu Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi mwaka ule ule. Tozer akajiuzulu mwaka wa 1873, na mwaka wa 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa la Westminster.

Katika mwezi wa Juni 1873 Sultani Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Uwanja wa soko, pale Mkunazini, ukapatikana kwa misioni, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere mwenyewe akawa mjenzi. Aliandika ramani, akasimama juani na mafundi, akapima chokaa. Paa alilifanya kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, nalo likapinda kama upinde. Wengi walisema litaanguka. Halikuanguka, lipo hata leo. Wenyeji husimulia ya kuwa nguzo chache ziliwekwa kichwa chini miguu juu wakati Askofu alipokuwa safarini, naye akaziacha vivyo hivyo. Nazo zimebeba mzigo wake.

Na altare ilijengwa mahali ambapo, kama isimuliwavyo, palisimama mti wa kuwapigia watumwa mijeledi. Palipokuwa pamehesabiwa watu mmoja mmoja, kwa bei, kila mtu peke yake, hapo sasa wakapiga magoti pamoja. Mnunuzi alitaka kujua meno ya mtu na nguvu za mikono yake; hakuuliza jina lake. Katika sala, yule aliyeuzwa na yule aliyezaliwa huru walisema maneno yaleyale kwa wakati uleule, nao wakamwita Mungu mmoja Baba. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa kuitikia sala ni jambo dogo. Mtumwa aliyefunguliwa minyororo amekuwa huru. Akisali na wenzake, amepata jamaa.

Mwaka wa 1876 Askofu Steere aliwachukua watu zaidi ya hamsini waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, akaenda nao kwa meli hata Lindi, kisha kwa miguu, akitaka kuwarudisha upande wa Nyasa walikotoka. Walipofika Masasi wakapendezwa na nchi, wakaomba wakae. Wakajenga kijiji na kanisa. Kwa desturi ya misioni hiyo, sala za asubuhi na za jioni zilisaliwa kila siku, watu wakikusanyika kabla ya kushika jembe na baada ya kuliweka. Na mwaka wa 1879 Askofu alimfanya John Swedi shemasi, mmoja wa vijana wa kwanza wa misioni. Yule aliyeletwa mtoto asiye na mtu sasa aliwaongoza wengine katika sala.

Askofu alichoka upesi. Mwaka wa 1882 alikwenda Uingereza, akarudi Unguja katika mwezi wa Agosti, na baada ya siku chache akafa usingizini. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na minne. Akazikwa katika kanisa alilolijenga, nyuma ya altare.

Haukupita mwezi, Masasi ikashambuliwa. Katika Septemba 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikishukia kijiji, wakachoma nyumba, wakaua wengine na kuwachukua wengine mateka. Watu waliokwisha kuwa watumwa mara moja wakafungwa tena. Je, kazi ya Askofu ilikufa pamoja naye? Mwenye kuitazama siku ile angalisema ndiyo. Walakini waliosalia walikusanyika tena, baadhi ya mateka wakakombolewa, kazi ikaendelea Newala, na baadaye Masasi ikainuka. Kuta zilikuwa zimeungua, lakini sala waliijua kwa moyo. Hapana mshambulizi awezaye kuichoma. Na mwaka wa 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa naye akasomeshwa Kiungani, akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile.

Kazi ya lugha nayo haikusimama. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka wa 1891. Na baadaye wataalamu wakaiunganisha kazi ya Unguja na ya Mombasa, hata mwaka wa 1952 ikatolewa Biblia ya Toleo la Muungano, isomwayo katika makanisa yetu kutoka Kilimatinde hata Kiomboi. Hivyo ndivyo kazi ya Steere ilivyoufikia uwanda wetu wa juu, ingawa miguu yake haikufika.

Sasa na tujipime nafsi zetu. Katika mitaa yetu wamo watu wa makabila mengi, na kila lugha ya mama ni zawadi ya Mungu, hatuidharau. Tena sala ya siri, mlango ukiwa umefungwa, ni ya lazima, na asiyesali nyumbani hataleta kitu kanisani. Lakini mtu asaliye nyumbani peke yake humwombea jirani yule ampendaye. Kanisani huketi karibu na yule aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba la uwele au juu ya ng'ombe aliyeingia mtamani, naye hulazimika kusema pamoja naye maneno ya kuomba msamaha. Hapo moyo hupigana vita. Wengine huondoka kanisani kwa sababu hiyo tu. Nasi twawasihi warudi, kwa kuwa vita hiyo ndiyo faida yenyewe ya kusali pamoja.

Twawaomba walimu wa mitaa wasichoke kuwafundisha wanaobatizwa sala za Kanisa mpaka wazijue wote, vijana kwa wazee. Twawaomba wazee wa kanisa waingie mapema, wasisimame nje. Na pale ambapo padre hufika mara moja kwa mwezi, au mvua zinapokata njia, kusanyiko lisivunjike; watatu au wanne wakusanyike, kengele ilie, sala zisemwe. Watoto watano wa Unguja hawakuwa wengi kuliko hao.

Mungu aliyewakusanya waliotawanywa sokoni atukusanye na sisi, na yubile hii itukute tukiwa na kinywa kimoja na moyo mmoja. Amin.