Livingstone na vidonda vya miguu kule Kabambare

Wengi wanamjua David Livingstone, munganga na mmisionari wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1813, kama mtu wa kutafuta chanzo cha mto Nile. Kabambare, wakati huo Bambarre, ilimjua kama mgonjwa.

Alirudi hapo tarehe 22 Julai 1870, miguu imejaa vidonda. Sanduku lake la dawa liliibiwa tangu 1867. Siku 80 hakutoka ndani ya nyumba. Vidonda vile vilikuwa vinakula nyama mpaka kwenye mfupa. Watumwa wengi walikufa navyo.

Wafanyabiashara Waarabu walikuwa wanasaga mrututu, ile chumvi ya shaba, wanauchanganya na nta ili ushike juu ya kidonda. Walipaka pia mafuta ya nazi na siagi. Lakini kilichomsaidia zaidi ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba: lilisuguliwa na maji, likapakwa polepole kwa unyoya wa ndege.

Tarehe 10 Oktoba alitoka nje. Februari 1871 akashika njia ya Nyangwe. Alifariki mwaka 1873, katika Zambia ya leo.

Munganga aliyesomea Glasgow alipata nafuu Maniema, kwa malakiti. Siku hizi kidonda cha namna ile kinapelekwa kituo cha afya mapema, kabla hakijafika kwenye mfupa.