Salim Ali na Shomoro wa Koo la Manjano



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, katika ukurasa huu tunakuleteeni maisha ya Salim Ali, mtoto yatima aliyekuja kuwa bingwa wa elimu ya ndege nchini India.

Salim alizaliwa Bombay tarehe 12 Novemba 1896, katika ukoo wa Kiislamu. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa mwaka mmoja, na mama yake alipofikisha miaka mitatu. Akalelewa na mjomba wake, Amiruddin Tyabji, na mkewe Hamida Begum.

Mjomba alipenda kuwinda, na Salim naye akapewa bunduki ndogo ya upepo. Alipiga shomoro kama watoto wetu wanavyowapiga kwa manati. Siku moja alimwangusha mmoja mwenye doa la manjano kooni. Akasita. Je, huyu ni halali kuliwa? Badala ya kumpeleka jikoni, alimpeleka kwa mjomba kumuuliza. Mjomba hakumjua ndege yule, akampa barua ya kwenda kwa Bwana Millard, katibu wa Jumuiya ya Elimu ya Viumbe ya Bombay. Mzungu yule alimpokea vizuri, akamwonesha makabati yaliyojaa ndege waliokaushwa, na akamwazima vitabu. Swali moja la halali na haramu likafungua mlango wa elimu.

Njia haikuwa nyepesi. Salim hakupata shahada ya chuo kikuu. Alifanya kazi Burma katika biashara ya ukoo wake, kisha akaajiriwa katika makumbusho ya Bombay, akaenda kusoma Ujerumani kwa Profesa Stresemann. Aliporudi mwaka 1930 alikuta kazi yake imefutwa kwa kukosekana fedha. Yeye na mkewe Tehmina wakahamia Kihim, kijiji cha pwani. Huko, bila mshahara, alikaa akiwatazama ndege wa jamii ya mnana, kama hawa wanaoning'iniza viota katika minazi yetu. Aligundua kuwa dume husuka kiota nusu, jike huja kukikagua, na akikiridhia hukaa. Dume hukimaliza, kisha huanza kingine kumwita jike mwingine. Utafiti huo ndio uliomjengea jina.

Mwaka 1939 Tehmina alifariki. Salim hakukata tamaa. Mwaka 1941 alitoa kitabu chake cha ndege wa India, ambacho hata watu wa kawaida walikitumia kuwatambua ndege.

Hatusemi kwamba aliacha kabisa kuua ndege. Aliwapiga wengi kwa utafiti, kwani zama zile wataalamu walisoma hivyo. Alichokichukia ni kuua kwa fahari. Huko Bharatpur palikuwa na ziwa la mfalme la kuwindia mabata. Tarehe 12 Novemba 1938, siku Salim aliyotimiza miaka 42, wageni wa gavana mkuu Mwingereza waliua ndege 4,273 kwa siku moja, na idadi hiyo ikachongwa kwenye jiwe. Baada ya uhuru Salim alikuwa mstari wa mbele kutaka mahali pale pahifadhiwe. Leo Bharatpur ni hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwaka 1976 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Vibhushan. Alifariki tarehe 20 Juni 1987 akiwa na miaka 90.

Ndugu zetu, tumefundishwa kwamba mwenye kumuua shomoro bila ya haki ataulizwa Siku ya Kiyama. Basi kabla hujavuta manati, au kumtia chiriku tunduni na kumsahau bila maji, jiulize kwanza kama alivyojiuliza Salim. Na usilolijua, muulize ajuaye.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na huruma kwa viumbe vyake. Amin.